BMW iX, Mercedes EQS au Porsche Taycan: kuishi na gari la umeme la kifahari kila siku Nairobi

Nikiitwa nyumbani kwa mtu anayetaka kufungiwa chaja ya gari, mara nyingi gari lenyewe bado halijanunuliwa. Mezani kuna vijitabu vya picha, chai imeshamiminwa, na swali linanisubiri: "Fundi, ungekuwa wewe, ungechukua lipi?" Mimi huomba kwanza nionyeshwe meta ilipo na mahali gari litakapolala. Nimefunga chaja hizi Karen, Runda, Lavington, Syokimau hadi Nyali, na nyumba nyingi nimerudi miezi kadhaa baadaye kurekebisha hili na lile. Karibu malalamiko yote niliyoyasikia yalianzia ukutani kwenye gereji au kwenye tuta la mbele ya lango. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunilalamikia kwamba gari lake halina mbio.

Magari matatu ndiyo ninayoyakuta sana kwenye vijitabu hivyo: BMW iX, Mercedes EQS na Porsche Taycan. Yote ni ya Ujerumani, yote hutengenezwa pia yakiwa na usukani wa kulia, na yote yanagharimu pesa za kununua kiwanja. Baada ya hapo hayafanani. iX ni la juu, la familia. EQS ni refu na la kimya, gari la mtu anayeheshimu kiti cha nyuma. Taycan liko chini, la mtu anayependa kuendesha mwenyewe.

Nitayapima kwa mambo sita ambayo mwenye gari hukutana nayo kila wiki: linalala wapi na linakula vipi, linapita vipi kwenye barabara zetu, linakuwaje kwenye foleni, wanaokaa nyuma wanasemaje, safari ya Mombasa, na matunzo. Kasi naiacha, maana yote matatu yana kasi kuliko barabara yoyote ya Kenya inavyoruhusu. Bei nayo naiacha, kwa sababu hubadilika na kodi, na shilingi, na vikorombwezo unavyoongeza, na anayeweza kukupa bei ya leo ni muuzaji wako.

Ili tusichanganyane: ninasema juu ya iX xDrive60, lililochukua nafasi ya xDrive50 mwaka 2025, lenye betri ya uniti 109 zinazotumika, EQS 450+ lenye betri ya uniti 118, na Taycan lililofanyiwa marekebisho mwaka 2024, lenye betri kubwa, uniti 97. Uniti hapa ni zile zile unazozinunua kwa tokeni.

Linalala wapi, linakula vipi

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo watu hujuta.

Tuanze na hesabu. Mtu anayekaa Karen na kufanya kazi Upper Hill huzunguka kilomita 40 au 50 kwa siku. Magari haya hula uniti 18 hadi 22 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo siku nzima ni uniti 10 tu. Chaja ya ukutani ya fezi moja, ampea 32, hutoa kilowati 7 na kidogo. Saa moja na nusu, kazi imekwisha. Hilo ni kweli kwa yote matatu. Ukiwa na fezi tatu yanapanda hadi kilowati 11, na 22 ukilipia kifaa cha ziada wakati wa kuagiza. Lakini usiombe fezi tatu Kenya Power kwa sababu ya gari peke yake, kama huna pampu kubwa ya kisima au karakana nyumbani.

Tofauti hujitokeza siku unaporudi na betri tupu kabisa. Usiku mmoja wa kulichaji kwa muda wa saa tisa kwenye fezi moja huingiza uniti 60 hivi. Kwa Taycan hiyo ni zaidi ya nusu ya betri. Kwa EQS ni nusu tu. Ikiwa wewe ni mtu wa Nakuru leo na Nanyuki kesho, betri kubwa ya EQS itahitaji usiku mbili ijae. Ikiwa siku zako zote zinafanana, hutaliona hilo hata mara moja.

Wengine huniambia hawahitaji chaja, watatumia soketi ya kawaida. Kwa hesabu wako sawa: soketi ikitoa ampea 10 kwa saa kumi, unapata uniti zisizopungua 20, na hizo ni kama kilomita 100. Ila nyumba zetu nyingi zilivutwa nyaya zamani, na soketi ya bustanini haikuwekwa ibebe ampea 10 usiku kucha. Niliitwa nyumba moja Lavington kwa sababu "kuna harufu ya kuungua lakini hatuoni moto." Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya ukoko wa ugali upande wa pini ya laini. Nilipoivuta ilitoka na kipande cha soketi. Ukuta ule ulishikana na chumba cha watoto. Tangu siku hiyo sibembelezi mtu: kama ni soketi, basi iwe mpya, na waya wake mwenyewe hadi kwenye sanduku la swichi.

Kisha kuna shawa. Shawa ya umeme ya papo kwa papo hula ampea 20 na ushee. Nyumba nyingi zina mbili au tatu, na swichi kuu ni ya ampea 60. Asubuhi ya saa kumi na mbili, baba yuko bafu la chini, binti yuko bafu la juu, gari lingali linakula ampea 32 zake, na nyumba nzima inazima. Mama mmoja wa Runda alinipigia simu: "Fundi, hili gari ndilo linatuzimia stima." Nikamwambia, "Hapana mama, gari na shawa wanagombania mlango mmoja." Dawa yake ni chaja yenye kifaa kidogo kinachosoma mzigo wa nyumba nzima na kulipunguzia gari likipishana na shawa, au kuliambia gari lenyewe lianze kula saa tano usiku na kumaliza kabla ya alfajiri. Magari yote matatu hukubali kupangiwa saa na kuwekewa kikomo. Weka kikomo cha kujaza betri asilimia 80 kwa siku za kawaida. Betri za aina hii hudumu zaidi zikikaa katikati kuliko zikishinda zimejaa pomoni.

Usiku una faida nyingine. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, ilipitisha bei ya stima ya kuchajia vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya tozo na kodi. Inahitaji meta yake peke yake, kwa hiyo piga hesabu kama matumizi yako yanastahili gharama ya kuifunga.

Stima ikipotea? Kwa gari lenye kilomita 300 ndani yake, siku mbili za giza si kitu. Tatizo ni mtu anayetaka kulichaji kwa jenereta. Magari haya ya Ujerumani hukagua ethi, ule waya unaozikwa ardhini, kabla ya kukubali hata ampea moja. Jenereta nyingi za nyumbani hazikuunganishwa ipasavyo na ethi, basi gari linawasha taa nyekundu na kukaa kimya. Mwenye nyumba anadhani gari limeharibika, gari linamlinda. Na kwenye sola, kama inverta yako ni ya kilowati 5, shusha chaja hadi ampea 10 au 13, la sivyo utaizidia.

Jambo la mwisho hapa ni mdomo wa chaji. iX na EQS midomo yao iko nyuma upande wa kulia, kwa hiyo ama unaingia gereji kinyumenyume ama unanunua kebo ndefu. Taycan lina midomo miwili mbele, mmoja kila upande nyuma ya tairi, na mmoja tu ndio unaopokea chaji ya haraka. Niambie gari kabla sijatoboa ukuta. Nimeshahamisha chaja mara tatu kwa sababu hiyo.

Ukiishi ghorofani Kilimani au Kileleshwa, yote niliyosema yanategemea barua ya wasimamizi wa jengo. Ipate kwa maandishi kabla ya kulipa amana ya gari. Bila mahali pa kuchajia panapolala gari, hakuna hata moja kati ya haya matatu ninaloweza kukushauri.

Tuta la mbele ya lango

Betri ya gari la umeme hulala chini ya sakafu, tumboni kabisa. Kila tuta lisilo na rangi na kila shimo lililojaa maji ni swali linaloulizwa tumbo hilo.

iX liko kama sentimita 20 kutoka ardhini. Hupita matuta ya mtaani kwetu kama Prado, na dereva wake hana haja ya kufikiri. Kwa watu wanaokaa ndani ndani, kilomita mbili za murram baada ya lami kwisha, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Taycan liko karibu sentimita 13. Springi zake za hewa huliinua sentimita 2 hivi, na lina jambo moja zuri sana: ukilifundisha mara moja kwamba hapa pana tuta au mteremko wa gereji, linakumbuka mahali pale na kujiinua lenyewe kila ukifika. Mteja wangu mmoja alilifundisha matuta yote kutoka lango lake hadi barabara kuu, saba kwa jumla. Ila matuta ya Kenya huota usiku. La nane halikuwepo Ijumaa, Jumatatu lilikuwepo, na alilisikia tumboni kabla ya kuliona.

EQS si la chini kama Taycan, lakini urefu wake ndio mtihani. Kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.21, kwa hiyo tuta lenye mgongo mkali linaweza kugusa katikati hata kama pua imepita salama. Springi zake za hewa hulinyanyua sentimita 2.5 ukiwa mwendo wa polepole. Ukikumbuka kubonyeza, utapita. Ukimwachia dereva mwingine ufunguo, mwonyeshe kitufe hicho kabla ya kumwonyesha kitu kingine.

Na rimu. Vijitabu hupenda kuonyesha inchi 21 na 22. Tafadhali chukua ndogo zaidi inayokubalika kwa gari lako. Mpira ukiwa mnene kidogo, shimo la barabarani linameza mpira. Ukiwa mwembamba, linameza rimu. Hakuna kati ya haya matatu linalobeba tairi kamili ya akiba, ni dawa ya kuziba na pampu tu, na dawa haizibi mpira uliopasuka ubavuni.

Kwenye foleni

Foleni ndiyo raha ya gari la umeme, na hapa yote matatu yanafaulu. Ukisimama Waiyaki Way dakika ishirini halili kitu zaidi ya kiyoyozi na redio. Hakuna mngurumo wala moshi, na mguu hauchoki.

Tofauti iko kwenye mguu huo. iX ukiliweka kwenye gia ya B, ukiachia pedali linapunguza mwendo hadi kusimama lenyewe. Unaendesha kwa pedali moja kutoka Westlands hadi nyumbani. EQS hukuachia uchague kwa vidole nyuma ya usukani, kutoka kuteleza huru hadi kukamata sana, na lina chaguo la kujiamulia likimtazama aliye mbele. Taycan limepangwa kuteleza. Kukamata kwake kwingi kunakuja ukigusa breki, na nguvu ya breki hiyo ndiyo inarudishwa kwenye betri. Anayependa kuendesha hulipenda hilo. Anayetoka kazini amechoka, na foleni humla muda wa saa moja na nusu kila siku, huenda akatamani pedali moja.

EQS lenye tairi za nyuma zinazogeuka nyuzi 10 hunishangaza kila mara. Gari la mita 5.2 linageuka ndani ya mita 10.9, na kwenye maegesho ya chini ya majengo ya Westlands hujipinda kama gari dogo. Ni kikorombwezo cha kulipia. Mtu wa mjini asikikose. iX na Taycan ni mafupi kidogo, karibu mita 5, lakini ni mapana, kwa hiyo angalia nguzo.

Vioo vya kugusa vimejaa yote matatu. iX peke yake ndilo lenye kitasa cha kuzungusha katikati ya viti, na barabara ikiwa inatikisika kidole hupata kitasa kwa urahisi kuliko kinavyopata kioo. Mimi naliona jambo kubwa. Wengine hawalijali.

Wanaokaa nyuma

Mpeleke mama yako akalijaribu, usiende peke yako. Nilishuhudia siku mzee mmoja wa kike alipojaribu kuingia Taycan la mwanawe. Alishika fremu ya mlango, akageuza mgongo, akainama, kisha akasimama tena na kusema, "Mwanangu, hapa nikiingia mtanitoa na nani?" Taycan lina viti viwili vya nyuma, na cha tatu ukilipia, na Porsche waliacha vishimo kwenye betri ili miguu ya abiria ipate pa kutua. Watoto wanakaa vizuri. Watu wazima wawili wanafika Naivasha bila shida. Kuingia na kutoka ndiko kwenye kazi.

iX ni kinyume chake: kiti kiko usawa wa kiuno, unaketi bila kuinama, sakafu ni tambarare hata anayekaa katikati hana nundu miguuni. Kwa familia ya watu watano, au nyumba yenye wazee, ni vigumu kulipita.

EQS lina nafasi ya miguu kuliko yote, na kimya chake ni cha aina nyingine. Mtu anaweza kuongea na simu Mombasa Road bila kupaza sauti. Ukiwa na dereva na wewe unafanya kazi njiani, hili ndilo lilitengenezwa kwa ajili yako. Buti lake hufunguka pamoja na kioo cha nyuma na hubeba lita 610. La iX ni lita 500. Taycan hubeba lita 400 hivi nyuma, na mbele chini ya boneti lina kisanduku cha lita zaidi ya 80 ambacho wengine hawana.

Safari ya Mombasa

Kitabu kinasema iX hufika kilomita 701, EQS zaidi ya 800, Taycan 678. Hizo ni namba za maabara ya Ulaya, kwa magari yaliyowekewa rimu na vifaa vinavyofaa zaidi. Hesabu yangu ya barabarani, kwa mwendo wa 90 hadi 100, ni uniti 18 kwa kilomita 100 kwa EQS, 19 kwa Taycan na 21 kwa iX. EQS hula kidogo kwa sababu limechongwa kama kokwa ya embe, upepo haulishiki. iX limesimama wima, na upepo huliona. Ukipandisha mwendo, namba zote hupanda, na la iX hupanda haraka zaidi.

Jambo ambalo vijitabu haviwezi kukuambia ni kwamba Nairobi iko juu. Kutoka hapa hadi baharini unashuka zaidi ya mita 1,600. Kwa gari la tani mbili na nusu pamoja na abiria, kulipandisha urefu huo kunahitaji uniti kama 12 juu ya zile za kawaida. Ukishuka, bonde linakusaidia, ukipanda, linakudai.

Piga hesabu kwa kilomita 490. Kushuka, EQS litatumia kama uniti 80 kati ya 118, Taycan 83 kati ya 97, iX 93 kati ya 109. Yote yanafika Nyali bila kusimama, kama umeondoka yamejaa na huna haraka. Kupanda ni habari nyingine. EQS linahitaji kama uniti 100, na linazo 118, kwa hiyo linafika kwa utulivu na kiyoyozi kikiwa cha wastani. Taycan linahitaji 105 na lina 97. iX linahitaji 115 na lina 109. Haya mawili lazima yale njiani, na mahali pazuri ni karibu na Mtito Andei, kabla mlima wenyewe haujakolea. Nusu saa hadi dakika arobaini kwenye chaja ya kilowati 50 inatosha, wakati watoto wanakula. Piga simu siku hiyo hiyo kuhakikisha chaja inafanya kazi. Usitegemee ramani ya simu.

Na hapo kwenye chaja, sifa kubwa ya Taycan hupotea. Lina uwezo wa kupokea kilowati 320, zaidi ya wenzake wenye 195 na 200, na kwenye kituo cha namna hiyo hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Chaja za barabarani nilizokutana nazo hapa nyingi hazifiki hata 100. Kwenye chaja ya 60, magari yote matatu ni ndugu. Siku mtandao utakapokua, Taycan litakuwa mbele. Leo halijapata pa kuonyesha.

Ukikaa Pwani, mambo yanageuka: unaanza chini. Na chumvi ya bahari hula pini za chaja. Funga chaja ndani au kwenye sanduku lililozibwa vizuri, na kebo isilale nje.

Matunzo

Hakuna mafuta ya injini, hakuna plagi za moto, na breki hudumu sana. Kinachobaki ni tairi, kichujio cha hewa ya ndani, maji ya breki na maji ya kuoshea kioo.

Hata maji hayo yana somo lake. Kwenye iX na EQS, boneti haikukusudiwa kufunguliwa na mwenye gari. Kwenye iX unabonyeza nembo ya BMW pale mbele, inainuka kama kifuniko, unamimina maji. Kwenye EQS kuna kijimlango ubavuni, nyuma ya tairi la mbele la kushoto, unakivuta kama droo. Waambie nyumbani, maana niliwahi kumkuta kijana wa kuosha magari amehangaika na boneti ya EQS kwa bisibisi hadi rangi imetoka. Taycan hufunguka kama kawaida.

Dhamana ya betri ni miaka 8 au kilomita 160,000 kwa BMW na Porsche, na miaka 10 au kilomita 250,000 kwa EQS, na zote huahidi angalau asilimia 70 ya uwezo. Muulize muuzaji, na upate kwa maandishi, kama dhamana hiyo inafuata gari hadi Kenya. Gari lililoagizwa na mtu binafsi kutoka nje mara nyingine huiacha dhamana bandarini lilikotoka. Na ukiona bei nzuri ya gari la Japani, angalia mdomo wa chaji kwanza: la huko huja na CHAdeMO, mdomo wa chaji ya haraka wa Kijapani, wakati la Uingereza huja na CCS2, ule wa Ulaya, na magari haya matatu yakija na mdomo usiolingana na chaja za hapa utabaki kuchajia nyumbani tu.

Ukisafiri mwezi mzima, kumbuka betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari zima hulala hata kama betri kubwa imejaa.

Kwa hali yako

Kama una familia ya watu wanne au watano, wazee wanaopanda gari kila Jumapili, na njia yenye murram au matuta mengi, anza na iX. Litakula zaidi kidogo, na Mombasa utasimama njiani ukirudi.

Kama una dereva, au unashinda kwenye simu na makaratasi, au kazi yako ni Nairobi na Mombasa kila mwezi, EQS lina sababu zake. Lipia tairi za nyuma zinazogeuka. Kagua mteremko wa gereji yako kabla, maana urefu ule hausamehe gereji fupi wala ngazi kali ya lango.

Kama unaendesha mwenyewe, watoto wawili au hakuna, lami kutoka lango hadi kazini, na bado kuendesha ni furaha yako, Taycan litakupa kila siku kitu ambacho yale mawili hayana. Na kama wakwe wanakuja mara kwa mara, wawe na gari lingine la kupanda.

Kama unakaa nyumba ya kupanga na hujui utakaa miaka mingapi, funga soketi mpya yenye waya wake, ni gharama ndogo, na uchague gari lenye matumizi madogo kwa siku: EQS au Taycan.

Kama bado huna mahali pa kuchajia usiku, subiri. Tengeneza hapo kwanza.

Na lolote utakalochagua, kabla hujasaini, liombe kwa siku moja. Lipeleke nyumbani jioni, lipitishe kwenye tuta la lango likiwa na watu wote ndani, liingize gereji, fungua milango yote minne, kisha muite fundi aje aone mdomo wa chaji umeelekea ukuta gani.